Presha ya mimba: kwa nini wanataka mkojo wako?

Swali: Nimekuja kupimwa presha, sasa mbona musawo (mhudumu wa afya) ananipa kakopo niende chooni?

Kwa sababu presha peke yake haisemi yote. Mimba ikishapita wiki 20 na presha ikafika 140/90 au zaidi, musawo anataka kujua kama figo zimeanza kuumia. Figo ni kama chujio la chai, likitoboka majani yanaingia kikombeni, na majani hapa ndio protini. Presha na protini vikikutana anashuku priklampsia, na hiyo ukiiacha inaweza kufika kwenye kifafa cha mimba, mama anaanguka anatetemeka, watu wa nyumbani wanasema amerogwa wanakimbilia kwa mganga na masaa yanakwisha, wakati sindano ya magineziamu inayozuia hicho kifafa iko hospitali.

Swali: Mkojo natoa namna gani?

Nawa kwanza, ule wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati. Ukichanganyika na damu au uchafu wa ukeni kijiti wanachochovya kwenye mkojo kupima protini kinaweza kuonyesha protini ambayo haijatoka kwenye figo, hata maambukizi ya njia ya mkojo yanafanya hivyo. Na wale mnaobugia chupa nzima ya maji kwenye foleni ili mkojo uje haraka, acheni, ukiwa mwepesi sana protini haionekani vizuri.

Swali: Wameandika protini ++ kwenye kadi yangu. Nimekwisha?

Hujakwisha, ila usirudi nyumbani kimya kimya. Kijiti ni rangi tu inayogeuka kutoka njano kwenda kijani, kinakisia. Kipimo chenyewe ni cha maabara, ama wanapima protini na kreatinini (taka ya mwili inayotoka kwenye mkojo) kwa mkojo wa mara moja, ama unakusanya mkojo wa masaa 24, na protini ya masaa hayo ikifika miligramu 300 hiyo ni nyingi. Hesenta III (kituo cha afya cha ngazi ya tatu) wakikuandikia rifero, yaani barua ya kwenda hospitali kubwa, nenda siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Swali: Na kama protini haipo lakini presha iko juu?

Hapa ndipo wengi wanajidanganya! Priklampsia inaweza kuwepo bila protini kabisa, madaktari siku hizi wanaangalia pia damu, ini, na figo. Kwa hiyo hata kijiti kikisema safi, ukiwa na kichwa kinachouma hakiachi, macho yanaona nyotanyota au giza, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso umevimba ghafla, tafuta boda hata kama ni usiku na uko kijijini huko nje ya mji wa Arua, Uganda. Presha ikifika 160/110 hiyo ni emajensi hata kama hausikii kitu. Eti kuvimba ni dalili ya mapacha, hayo waachie majirani.

Swali: Niache maharage na mukene (dagaa) ili protini ipungue?

Hapana jamani. Protini ya mkojo haitoki kwenye sahani. Kula, mtoto anahitaji.

Swali: Inapona lini?

Vidonge kama methyldopa au nifedipine vinashusha presha tu, ugonjwa wenyewe unaanza kuondoka baada ya kujifungua na kondo kutoka, ndio maana wakati mwingine daktari anaamua mtoto azaliwe mapema. Lakini hata ukishazaa kifafa kinaweza kuja, hasa siku za kwanza, kwa hiyo endelea kupimwa presha mpaka wiki ya 6. Mimba nyingine ikija, sema mapema kwamba ulipata hii, daktari anaweza kukuanzishia aspirini kidogo kuanzia wiki ya 12, lakini usijinunulie mwenyewe dukani.