Muziki Mtakatifu wa Sauti Nyingi wa Zama za Kati: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi hudhani kwamba muziki wa sauti nyingi wa Zama za Kati uliimbwa na kwaya kubwa. Anayezisikiliza kwaya za parokia zetu, ambamo kila sauti kati ya nne ina waimbaji kadhaa, ana sababu ya kudhani hivyo, lakini katika Kanisa Kuu la Notre Dame, Paris, utaratibu ulikuwa mwingine. Katika "Viderunt omnes", wimbo wa Krismasi wa Perotinus, mtunzi wa Notre Dame wa takribani mwaka 1200, zilizotungiwa sauti nne ni zile tu sehemu za wimbo zilizokuwa za waimbaji wateule wachache. Sehemu zilizobaki ziliimbwa na kwaya kwa sauti moja, kama wimbo wa Kigregori, yaani wimbo wa kale wa Kilatini wa Kanisa, ulivyokuwa. Rekodi inayoziacha sehemu hizo za kwaya humpotosha msikilizaji, kwa kuwa fahari ya sauti nne hutambulika hasa pale sauti moja inaporejea.

Husemwa pia kwamba Kanisa liliupiga marufuku muziki huu. Mwaka 1198, Odo wa Sully, Askofu wa Paris, alipokuwa akikomesha vurugu za sikukuu ya Januari mosi, aliruhusu waziwazi uimbaji wa sauti tatu na hata nne. Papa Yohane XXII, takribani mwaka 1325, alikemea noti fupifupi zilizoufunika wimbo mtakatifu, ila hakukataza kuupamba wimbo huo katika sikukuu kwa mapatano ya sauti zilizopishana kwa oktava, kwa noti tano au kwa noti nne.

Wala muziki huu haukuwa wa wanaume peke yao: kitabu cha watawa wa Kisistersiani wa Las Huelgas, Burgos, cha karne ya 14, kimejaa nyimbo za sauti nyingi.

Dhana iliyo ngumu kung'oka ni kwamba rekodi za leo hurudisha sauti ileile ya kale. Miswada haikutaja kimo cha sauti, na mwendo wa noti katika nyimbo za kale za sauti mbili bado unabishaniwa na wataalamu. Katika miaka ya 1970 vikundi vingi viliongeza ala. Baadaye Christopher Page na kikundi chake cha waimbaji cha Uingereza, Gothic Voices, waliwashawishi wengi kwamba sauti za watu zinatosha. Misa ya Machaut, mtunzi Mfaransa wa karne ya 14, iliyorekodiwa na Marcel Pérès na kikundi chake Ensemble Organum, yenye sauti nzito na mapambo mengi, haifanani hata kidogo na ile laini ya kikundi cha Uingereza cha Hilliard Ensemble, ingawa vikundi vyote viwili vilisoma noti zilezile.