🙏 Asante, Samahani au Tafadhali?

Unamdai mtu. Unamwandikia: "Ndugu yangu, ile hela vipi?" Anakujibu kwa 🙏, basi. Anashukuru kwa uvumilivu wako? Anaomba msamaha? Anataka umwongezee wiki? Kazi yangu ni kuchunguza matumizi ya lugha, na jibu kama hilo hata mimi lingenilazimu nipige simu.

Emoji tunazotumia zilikulia kwenye simu za Japani miaka ya 1990. Huko mtu hukutanisha viganja kabla ya kula, akisema "itadakimasu", neno la kushukuru kwa chakula, na hufanya vivyo hivyo akimwomba rafiki radhi au msaada. Alama hii iliingia katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za simu na kompyuta, mwaka 2010, na jina lake la Kiingereza ukilitafsiri neno kwa neno unapata "mtu aliyekunja mikono". Kwetu aliyekunja mikono ni yule anayetazama wenzake wakisugua masufuria.

India ni salamu, namaste. Thailand pia ni salamu, inaitwa wai, lakini ina vipimo: viganja vikipanda, heshima inapanda. Kwa mtawa wa Kibuda mikono hufika hadi kwenye paji la uso. Kwenye emoji hakuna kifua wala paji, kwa hiyo kipimo chote kimepotea njiani. Wako pia Wamarekani wanaoapa kwamba hawa ni watu wawili wanaogonga tano. Tusiwacheke sana, zamani kwenye simu za Apple picha hiyo ilikuwa na miale ya njano kwa nyuma, kama kitu kimepigwa paa!

Hapa kwetu wengi huiona kama sala, kwa sababu ndivyo watoto wanavyofundishwa kanisani. Mwislamu anapoomba dua hufungua viganja kuelekea juu, akimaliza anajipangusa uso. Picha ya viganja vilivyofunguliwa, 🤲, ilikuja mwaka 2017. Kabla ya hapo, aliyetaka kuitikia "Amin" kwa emoji aliazima viganja vya jirani.

Fungua kundi lolote la msiba kwenye WhatsApp. "Poleni sana 🙏." "Amina 🙏." Halafu mweka hazina: "Tukamilishe michango 🙏." Alama ni ileile, kazi tatu, na hakuna anayechanganyikiwa kwa kuwa maneno yapo. Shida huanza picha inapotumwa peke yake, hasa kwa mtu asiyekujua.

Dole gumba nalo lina mambo yake. Iran na Iraq, hasa kwa watu wa makamo, kumwonyesha mtu dole ni kumtukana. Kanada lilimgharimu mkulima mmoja. Mwaka 2021 mnunuzi alimtumia kwa simu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, naye akajibu 👍. Mzigo haukufika. Mkulima alijitetea kwamba alimaanisha tu "nimeupata", lakini mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan iliamua kuwa dole lile lilikuwa sawa na sahihi, akatakiwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Alikata rufaa, akashindwa tena.

Yule mdaiwa wako basi, mwandikie tena: "Asante, lakini lini?"