Ruzuku ya uendeshaji wa shule: maana yake na mipaka yake

Ruzuku ya uendeshaji ni fedha ambazo Serikali huipatia shule ya umma kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi wake, ili shule iweze kununua chaki, kuendesha mitihani ya ndani, kuziba paa linalovuja na kumudu mahitaji mengine madogomadogo ambayo yakikosekana masomo huyumba. Mshahara wa mwalimu haumo katika fungu hili, kwani hulipwa na Hazina moja kwa moja, na ujenzi wa madarasa mapya una fedha zake. Kwa hiyo anayesikia neno ruzuku akadhani ndiyo bajeti nzima ya shule, amechukua kipande kidogo akakiita mkate.

Tanzania Bara ilianza kulitegemea fungu hili baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, kuanza mwaka 2002. Kiwango kilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikaribiana na shilingi 10,000. Shilingi ziliendelea kuandikwa zilezile huku thamani yake ikishuka, hata leo 10,000 hiyo haifiki dola 5. Mwaka 2016, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoanza kutekelezwa na ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, utaratibu nao ulibadilika: shilingi 6,000 za mwanafunzi wa shule ya msingi zikawa zinaingizwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, na 4,000 zikabaki serikalini kwa ajili ya vitabu.

Ndiyo maana nyaraka rasmi husema "elimumsingi bila malipo", ilhali mitaani tunasema "elimu bure", na mimi naona lugha ya nyaraka ina uangalifu zaidi. Mzazi halipi ada mlangoni, lakini fedha zenyewe zina mlipaji, akiwemo mama lishe asiye na mtoto shuleni ambaye bei ya sabuni anayonunua tayari imebeba Kodi ya Ongezeko la Thamani.

Tuchukue shule yenye wanafunzi 800. Kwa shilingi 6,000 kila mmoja, inapata 4,800,000 kwa mwaka, yaani laki nne kwa mwezi. Shule ya kijijini yenye wanafunzi 120 inapata 60,000 kwa mwezi, na hapo ndipo udhaifu wa kuhesabu vichwa unapojitokeza, kwa sababu bili ya umeme, kufuli la stoo na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri havipungui kwa kuwa watoto ni wachache. Pengo hilo ndilo linalorudisha michango ya wazazi, hata pale inapoitwa ya hiari.

Kupeleka fedha moja kwa moja shuleni kuna sababu yake, na mfano unaotajwa sana unatoka Uganda, ambako uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba takriban asilimia 13 tu ya ruzuku ya aina hii, ukiacha mishahara, ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ya huko ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, sehemu iliyofika iliongezeka sana.

Hata hivyo, fedha kufika shuleni hakumaanishi kwamba mtoto atajua kusoma. Jambo hili lilipimwa Tanzania mwaka 2013 na 2014 katika mradi wa KiuFunza wa taasisi ya Twaweza, uliohusisha shule 350 katika wilaya 10 na kuangalia stadi za darasa la kwanza hadi la tatu. Baadhi ya shule zilipewa shilingi 10,000 kamili kwa kila mwanafunzi. Zilinunua vitabu na vifaa, na fedha hazikupotea njiani. Lakini baada ya miaka miwili watoto wao hawakuwa wameendelea kuliko wale wa shule zisizopewa kitu. Katika kundi la pili, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na matokeo yake yalikuwa ya kuchanganya. Kundi la tatu lilipata ruzuku na bonasi kwa pamoja, na huko ufaulu ulipanda waziwazi, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya mafanikio ya ruzuku peke yake na bonasi peke yake.