Hadikava na pepabeki: jalada ni kitu kimoja, mshono ni kingine

Kila shule zinapofunguliwa hapa Dodoma nasikia maneno yaleyale kwa wazazi, kwa walimu na hata kwa wanafunzi wa chuo: "Tafuta hadikava, ndiyo inayodumu." Upande wa pili wanasema pepabeki ni kitabu cha kusoma mara moja na kukiweka kando. Wapo pia wanaochanganya hadikava na hadikopi, mtu anaomba "hadikava" ya ripoti kumbe anataka tu ichapwe kwenye karatasi. Hilo la mwisho ni dogo, linarekebishika palepale. Hili la uimara ndilo linalowagharimu watu pesa, na ndilo ninalotaka kulinyoosha.

Maana zenyewe ni fupi. Hadikava, au kitabu cha jalada gumu, ni kitabu ambacho kurasa zake zimewekwa ndani ya vibao viwili vya kadibodi nene vilivyofunikwa kwa kitambaa, reksini au karatasi iliyochapwa. Pepabeki, au kitabu cha jalada laini, kimezungushiwa karatasi moja nzito iliyogandishwa mgongoni. Basi. Katika maana hizo mbili hakuna mahali panaposema kurasa zimeshikanishwa vipi, na kitabu hudumu au kuchanika kutokana na jinsi kurasa zilivyoshikana.

Kurasa hushikanishwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kushona. Karatasi kubwa inachapwa pande zote mbili, inakunjwa na kukunjwa tena mpaka iwe kitita cha kurasa 16 au 32. Uzi unapita katikati ya mkunjo wa kila kitita na kukifunga kwa mwenzake. Ukivuta jani moja, unavuta pia jani lililo upande wa pili wa mkunjo, na uzi umeyashika yote mawili.

Ya pili ni gundi. Vitita vinapangwa vilevile, lakini mashine inakata mikunjo yote ya mgongoni, kila jani linabaki peke yake. Mgongo unakwaruzwa ili gundi ipate pa kushika, gundi ya moto inapakwa, jalada linabandikwa. Kuanzia hapo kila jani linaning'inia kwenye ukingo mwembamba sana wa gundi. Gundi ikichoka, majani yanachomoka moja baada ya jingine, kwa kawaida yakianzia pale kitabu kilipofunguliwa mara nyingi. (Vijitabu vyembamba vinavyopigwa pini katikati naviacha, havina utata.)

Sasa changanya. Jalada gumu linaweza kuvalishwa kurasa zilizoshonwa, na linaweza kuvalishwa kurasa za gundi. Jalada laini ni hivyohivyo. Aina zote nne zipo sokoni, na riwaya nyingi za jalada gumu zinazotoka Uingereza na Marekani siku hizi ni za gundi ndani. Umelipia kadibodi, lakini kinachoshika majani ni kilekile kilichomo kwenye pepabeki iliyo rafu ya chini yake.

Mfano wa kinyume tunao mikononi. Makao makuu ya Chama cha Biblia cha Tanzania yapo hapahapa Dodoma, na kila Jumapili mji huu umejaa watu waliobeba Biblia za jalada linalopinda. Kurasa zake zinapita elfu moja, karatasi yake ni nyembamba kuliko ya daftari, inafunguliwa kila wiki kwa miaka, na bado inakaa pamoja. Misahafu mingi iko hivyohivyo. Hakuna kadibodi nene iliyoifanyia kazi hiyo. Imeshonwa.

Kosa hili, kwa maoni yangu, limetufikia kwa njia mbili, na ya kwanza ni steshenari zetu. Mji una vyuo vikubwa, Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007 na Mtakatifu Yohana mwaka huohuo, na kila mwaka wanafunzi wanapeleka tasnifu zao kufanyiwa baindingi. Ukiuliza bei unatajiwa: spairo bei hii, tepu bei hii, hadikava bei hii. Hapo jina la jalada limegeuzwa kuwa jina la namna ya kuunganisha kurasa. Spairo kweli ni namna ya kuunganisha. Hadikava siyo. Lakini kwa kuwa vinatajwa pamoja kwa pumzi moja, mwanafunzi anaondoka akiamini ugumu wa jalada ndio unaoshika karatasi zake.

Angalia kinachofanyika kweli kwenye hiyo "hadikava" ya tasnifu. Karatasi ni za A4, mojamoja, hazina mkunjo wowote, kwa hiyo haziwezi kushonwa katikati. Fundi anazipanga, anatoboa matundu ukingoni kwa drili au anapiga pini kubwa, anapitisha uzi ubavuni, anapaka gundi, kisha anavika kadibodi na reksini na kuchapa herufi za dhahabu. Ni kazi ya heshima na inashika. Ila uzi uliopita ubavuni unakula sehemu ya ndani ya ukurasa, ndiyo maana vyuo huagiza pambizo ya kushoto iwe pana, na kitabu cha namna hiyo hakilali wazi mezani. Lazima ukishike kwa mikono miwili. Kwa tasnifu itakayokaa rafuni ikisubiri mtafiti mmojammoja, haina shida. Kwa kitabu unachotaka kukisoma jioni huku unaandika pembeni, ni mateso.

Njia ya pili ni ya kihistoria. Jalada ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, jild, ngozi, kwa sababu vitabu vilivalishwa ngozi. Fundi aliyejalidi kitabu alishona kurasa kwanza, akamalizia kwa kuvika ngozi, kazi moja ya mtu mmoja. Zama hizo ukiona jalada zuri ungeweza kuamini kwamba na uzi umo. Mambo yalianza kuachana katika karne ya 19. Mwaka 1836 William Hancock wa London alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kushikanisha majani kwa gundi ya mpira bila uzi. Vitabu hivyo vilivalishwa majalada magumu ya kupendeza, mengine yenye nakshi za dhahabu. Mpira ulipozeeka ulikauka na kuvunjika, majani yakaanguka, na vitabu vikabaki majalada mazuri yenye rundo la karatasi ndani. Karibu karne mbili sasa tangu ulimwengu uonyeshwe kwamba jalada gumu si dhamana.

Kisha ikaja bei. Mwaka 1935 Allen Lane alianzisha kampuni ya vitabu ya Penguin huko Uingereza akauza vitabu vya jalada laini kwa senti sita za Kiingereza, wakati riwaya mpya ya jalada gumu iliuzwa shilingi saba na senti sita. Shilingi yao ilikuwa senti 12, kwa hiyo bei ya kimoja cha jalada gumu ilinunua Penguin 15. Vitabu vya mwanzo vya Penguin vilikuwa vimekwisha kutoka kwa jalada gumu, na desturi ikakaa hivyo: jalada gumu kwanza kwa wenye uwezo, jalada laini baadaye kwa wengine. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo kwamba pepabeki ni kitabu cha daraja la pili, na wengine wamelivuta mpaka kudhani kwamba pepabeki imepunguzwa maneno. Haijapunguzwa. Matini ni ileile, na mara nyingine pepabeki inayotoka baadaye ndiyo iliyosahihishwa makosa ya chapa ya kwanza.

Kwetu desturi hiyo ya hatua mbili haikushika. Mfululizo wa waandishi wa Afrika ulioanzishwa na wachapishaji wa Uingereza, Heinemann, mwaka 1962 ulitufikia kwa jalada laini, na vitabu vingi vya Kiswahili, vya fasihi na vya shule, huzaliwa pepabeki na kubaki pepabeki. Kwa hiyo anayesubiri hadikava ya riwaya ya Kiswahili ili apate "toleo lenyewe" anasubiri kitu ambacho mara nyingi hakipo, na toleo lenyewe ndilo hilo lililo mbele yake.

Hali ya hewa yetu nayo inaingia hapa. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za kuanzia Desemba hadi Aprili, na zikiondoka tunabaki na miezi mirefu ya hewa kavu, upepo na vumbi. Gundi ya moto ya kawaida hulainika kwenye joto kali na hukakamaa inapozeeka. Pepabeki iliyosahaulika kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kuachia kurasa mchana mmoja. Lakini hadikava ya gundi iliyokaa juani humohumo inaachia vilevile, jalada tu ndilo linabaki limesimama. Tena kadibodi ina matatizo yake: kitabu kilichotengenezwa penye unyevu na kuletwa kwenye ukavu huu mara nyingi jalada lake linapinda, kwa sababu kadibodi, karatasi na kitambaa havisinyai kwa kiasi kimoja. Ipo gundi nyingine, PUR, ambayo hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani na ikishakomaa haiyeyuki tena kwa joto. Pepabeki ya gundi hiyo inaweza kuishi maisha marefu kuliko hadikava ya gundi ya kawaida. Kwa macho si rahisi kuitambua.

Uzi, kwa upande wake, unaonekana. Shika kitabu, kitazame kwa juu pale mgongo unapokutana na kurasa. Ukiona vijitao vidogovidogo vimepangana, hivyo ni vitita. Ukiona ukingo mmoja ulionyooka, majani yamekatwa na kugundishwa. Vitita peke yake havitoshi, kwa sababu kuna vitabu ambavyo mikunjo imechanjwa tu ili gundi iingie, bila uzi. Kwa hiyo fungua polepole, tafuta katikati ya kitita kimojawapo, utaona uzi umelala kwenye mkunjo. Na usidanganywe na kile kitepe cha rangi kilicho juu na chini ya mgongo wa hadikava. Zamani kilishonwa kwa mkono pamoja na kurasa. Siku hizi hukatwa kutoka kwenye roli na kubandikwa, hata kwenye kitabu kisicho na uzi hata kidogo.

Jalada gumu lina faida zake za kweli, sitaki nieleweke vibaya. Linazidi kurasa kwa milimita chache pande tatu, hivyo kingo na pembe za kurasa hazigusi rafu wala hazikunjiki kwenye begi. Linasimama lenyewe. Maktaba yenye wasomaji wengi inalihitaji. Kitabu chake kikiwa kikubwa na kizito mno, kiwekwe kwa kulazwa, maana kurasa zinaning'inia ndani ya jalada na uzito wake unavuta viungo.

Lakini wengi wanaoniuliza wanunue kipi wanataka kusoma, si kutunza, na kwenye kusoma jalada linaamua mambo mawili tu, uzito na jinsi unavyokishika. Mtu anayesoma kwenye treni kwenda Dar es Salaam, au kitandani kabla ya kulala, atafurahia jalada laini. Anayesoma mezani na kalamu atafurahia kitabu kinacholala wazi, na hilo ni suala la mshono na pia la karatasi: nyuzi za karatasi zikielekea sambamba na mgongo, ukurasa unalala, zikikatiza, unasimama na kurudi, hata ndani ya jalada la gharama kiasi gani. Kama ni pepabeki ya gundi, usiupinde mgongo nyuma siku ya kwanza. Kilaze mezani, bonyeza kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, ukikaribia katikati taratibu, ili gundi ijizoeze badala ya kuvunjika.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa hadikava hawalitaji. Kitabu kilichoshonwa kikichakaa jalada, fundi anakivika jingine na kurasa zinabaki kama zilivyokuwa. Cha gundi kilichokwisha kuachia majani hakina pa kushonwa, itabidi kigundishwe upya au kitobolewe ubavuni kama tasnifu, na maneno ya karibu na mgongo yamezwe na mshono.

Kwa hiyo mwalimu anayeandika kwenye orodha ya mahitaji "kamusi, hadikava" nadhani namwelewa. Anataka kamusi ambayo majani yake hayataanza kuchomoka kabla mtoto hajafika kidato cha nne. Basi aandike "kamusi iliyoshonwa." Mzazi akifika dukani aulize, "Hii imeshonwa au ni gundi?" na kama muuzaji hajui, aifungue waangalie pamoja. Jalada liwe gumu au laini, hapo mzazi ataamua kwa mfuko wake.