Kwa nini kompaila ilikataa kuharakisha jedwali langu la maji

Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Mwenye chombo Bandari ya Kale anaishi kwa jedwali la maji, na mimi nimetengeneza programu ndogo inayolipigia hesabu. Kazi yangu ya kila siku ni kompaila, ile programu inayopokea msimbo wa lugha ya C na kutoa amri ambazo prosesa inazielewa. Kwa hiyo programu ya maji ilipokwenda pole kuliko nilivyotarajia, nilitaka kujua kompaila imekwama wapi.

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha mawimbi. Kila wimbi lina kipindi chake. Lililo kubwa kwetu ni M2, linalotokana na mwezi, na hurudi kila baada ya saa 12.42. Natumia mawimbi 37. Kwa kila saa ya mwaka, zote 8,760, nachukua ukubwa wa wimbi, nauzidisha kwa kosaini yake, natia kwenye jumla. Kosaini zenyewe ziko tayari kwenye faili.

```
for (t = 0; t < 8760; t++) {
    double h = 0;
    for (i = 0; i < 37; i++)
        h += A[i] * c[t][i];
    maji[t] = h;
}
```

Niliikompaili kwa `-O3 -mavx2`, yaani iharakishe kadiri iwezavyo na itumie AVX2, kisha nikaomba asembli, ile orodha ya amri za prosesa, kwa `-S`. Prosesa yangu ina AVX2, yaani rejista (visanduku vya namba ndani ya prosesa) za biti 256, na rejista moja hubeba namba nne za aina ya `double` na kuzijumlisha kwa amri moja. Lakini pale kwenye jumla nilikuta `vaddsd` inafuata `vaddsd`, na kila moja inajumlisha namba moja tu. Ubaya zaidi, kila amri inaisubiri iliyotangulia, maana haiwezi kuongeza juu ya jumla ambayo bado haijapatikana. Kwenye prosesa nyingi za leo, kujumlisha desimali huchukua kama mapigo manne ya saa ya prosesa. Mawimbi 37 yakipangwa foleni hivyo, mashine muda mwingi inakaa tu.

Wengi hapa huilaumu kompaila. Mimi naitetea. Jaribu kwa C: `(1e16 + 1) - 1e16` hutoa 0, na `(1e16 - 1e16) + 1` hutoa 1. `double` ina biti 53 za tarakimu, kwa hiyo ile moja ikiongezwa kwenye namba kubwa kiasi hicho hupotea. Maana yake ni kwamba ukibadili mpangilio wa kujumlisha umebadili jibu. Ili kompaila itumie rejista pana, ingebidi igawe jumla yangu mafungu manne na kuyaunganisha mwishoni. Huo ni mpangilio mwingine, na mimi sikuuruhusu.

Ruhusa ipo, inaitwa `-ffast-math`, na ndiyo dawa utakayopewa ukiuliza watu. Siitaki kwa programu nzima. Pamoja na mpangilio, inaiambia kompaila kwamba NaN, ile alama ya kitu kisicho namba, haitatokea kamwe. Mimi hutumia NaN kuonyesha saa ambazo kipimo kilikosekana. Kompaila ikishaamini kwamba NaN haipo, ina haki ya kuufuta ukaguzi wangu wa `isnan`, na saa isiyo na kipimo itapita kama saa ya kawaida. Kwa mtu anayeamua kutoka baharini au kubaki, hilo si jambo dogo.

Nilichofanya ni kugeuza vitanzi, zile `for` mbili, baada ya kuijaza `maji` sifuri:

```
for (i = 0; i < 37; i++) {
    double a = A[i];
    for (t = 0; t < 8760; t++)
        maji[t] += a * c[i][t];
}
```

Sasa kitanzi cha ndani kinapita kwenye saa. Saa ya kumi haina haja na jumla ya saa ya tisa, kwa hiyo kompaila inaweza kushika saa nne kwa pamoja bila kugusa mpangilio wa mawimbi ndani ya saa yoyote. Kila saa bado inaanza na wimbi la kwanza na kumaliza na la 37. Kuthibitisha nani anamtegemea nani ndiyo sehemu kubwa ya taaluma hii. Frances Allen wa IBM, mmoja wa walioijengea misingi, alipewa Tuzo ya Turing ya 2006, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, na alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Tazama pia `c[i][t]`. Nililazimika kupanga upya jedwali la kosaini. Prosesa haichukui namba moja kutoka kwenye kumbukumbu. Huleta kwenye kache, kumbukumbu ndogo iliyo karibu nayo, kipande cha baiti 64, yaani `double` nane zilizokaa pamoja. Kwa mpangilio wa zamani, kutoka saa moja hadi inayofuata ni mruko wa baiti 296, kwa hiyo ningeleta kipande kizima kwa ajili ya namba moja. Hili kompaila haiwezi kukufanyia. Haina ruhusa ya kuhamisha data ambayo faili nyingine nazo zinaisoma.

Ile `double a` nayo ina kazi. Kama ningeacha `A[i]` ndani, kompaila ingeshuku kwamba kuandika kwenye `maji` kunaweza kubadili `A`, kwa kuwa zote ni pointa (anwani za kumbukumbu) za `double`. Neno `restrict`, lililoingia kwenye C99, huondoa shaka hiyo. Nimeliweka kwenye pointa zote. Mwisho nikaukata mwaka mwezi mwezi. Saa 744 ni baiti 5,952, na zinakaa kwenye kache ya karibu kabisa mpaka mawimbi yote 37 yapite.

Niliporudi kwenye asembli nikakuta `vaddpd`, namba nne kwa mpigo.

Halafu nikaikompaili kwa ajili ya simu, na majaribio yakaanguka. Simu hutumia ARM ya biti 64, ambayo ina amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja na kukadiria (kuondoa tarakimu zisizoenea kwenye biti 53) mara moja tu, mwishoni. Kompaila ya simu iliitumia bila kuulizwa. Ya laptopu ilizidisha, ikakadiria, ndipo ikajumlisha. Tofauti ilikuwa kwenye tarakimu za mwisho kabisa, ndogo mno hata bahari yenyewe isingeijua. Lakini majaribio yangu hulinganisha biti kwa biti, na sitaki kuyalegeza, maana ndiyo yanayonionyesha nikikosea kweli. Nimeweka `-ffp-contract=off` pande zote mbili. Sasa simu na laptopu zinatoa jedwali moja, kutoka Januari hadi Desemba.