Robin Lehner: golikipa na maneno ya watu

Ukimsifia Robin Lehner mbele ya mtu asiyefuatilia hoki ya barafuni, hukosi kusikia haya.

Dhana: Golikipa wa hoki kajifunga magodoro mwili mzima na lango lenyewe dogo. Kazi yake kusimama tu.

Lehner kweli ni pande la mtu, sentimita 193 na zaidi ya kilo 100, na lango lina upana wa mita 1.83 kwa kimo cha mita 1.22. Lakini kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, gramu 170 hivi, huweza kuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na mara nyingi watu wawili watatu wamesimama mbele ya golikipa, hakioni kikitoka. Nilichompendea Lehner ni kwamba haruki ovyo. Anateleza nusu hatua, anaziba pembe kabla shuti halijapigwa, kisha linamgonga kifuani kana kwamba aliliagiza.

Dhana: Mlevi au mgonjwa wa akili utamjua tu ukimwangalia.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na si kwa wanamichezo peke yao. Msweden huyu, mzaliwa wa Gothenburg, alidakia timu za Ottawa kisha Buffalo katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na katika miaka hiyo alifika mahali pa kunywa bia kreti zima kwa siku na kumeza vidonge ili apate usingizi. Mechi zilichezwa. Mashuti yaliokolewa. Mshahara uliingia.

Tarehe 29 Machi 2018, Buffalo wakicheza na Detroit, kifua kilianza kumbana katikati ya kipindi cha pili. Macho yakawa hayaoni vizuri. Hakuinua mkono kuomba msaada. Alikaa langoni akihesabu dakika mpaka kipindi kikaisha, ndipo akaingia ndani na kuvunjika kabisa. Kipindi cha tatu, ambacho katika hoki ndicho cha mwisho, hakurudi langoni. Lilikuwa shambulio la hofu, na yeye mwenyewe wakati ule hakujua linaitwaje. Alikwenda Arizona kutibiwa uraibu (sisi tungesema alikwenda soba), na huko madaktari wakamwambia ana baipola, ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kutoka msisimko uliopitiliza hadi huzuni nzito.

Dhana: Ukitoka soba, kiwango kimekufa.

New York Islanders walimpa mkataba wa mwaka mmoja tu. Msimu uliotangulia, Islanders walikuwa wamefungwa mabao mengi kuliko timu yoyote ya NHL. Msimu wa 2018–19, Lehner akipokezana lango na Thomas Greiss, wakawa timu iliyofungwa machache kuliko zote. Yeye aliokoa asilimia 93 ya mashuti, akaingia katika watatu wa mwisho wa tuzo ya Vezina ya golikipa bora.

Dhana: Kujianika hadharani ni kutafuta huruma.

Angalia tarehe. Makala yake ya kueleza kila kitu, pombe, vidonge, mawazo ya kujiua, ilitoka Septemba 2018, kabla hajaidakia klabu mpya hata mechi moja ya ligi. Anayetaka huruma husubiri kwanza ashinde, kisha asimulie. Juni 2019 alipopewa tuzo ya Masterton, ile ya uvumilivu na moyo wa mchezo, alisema jukwaani kwamba haoni haya kusema ni mgonjwa wa akili, na kwamba ugonjwa huo si udhaifu wa akili. Hapo kwetu mtu bado anaambiwa ajikaze kiume, au aulize ni nani kamroga.

Dhana: Basi huyu ni malaika.

Hapana. Ana mdomo, na hana breki. Mwaka 2021 alirusha mtandaoni tuhuma kwamba kuna timu huwapa wachezaji dawa bila cheti cha daktari, akazua mtafaruku mkubwa. Wapo waliompinga vikali. Mimi namwelewa, ingawa angeweza kupunguza moto kidogo.

Dhana: Ameshapona, na kama hajapona, ndiyo sababu hachezi tena.

Baipola hudhibitiwa kwa dawa na ufuatiliaji wa miaka na miaka. Lehner hakuwahi kudai imekwisha. Na aliishi nayo akidaka, Chicago, kisha Vegas. Kilichomweka nje msimu wa 2022–23 kilikuwa nyonga zake, zilizohitaji upasuaji.