Bali ya Mashariki: Alfajiri Mawimbini, Adhuhuri kwa Wafumi

Kazi yangu ni kuchunguza vitambaa vinavyofumwa kwa mkono katika nchi zilizoizunguka Bahari ya Hindi, na kazi hiyo imenipeleka Bali, kisiwa cha Indonesia, mara nne. Kuteleza mawimbini kwa ubao nilijifunza nikiwa mtu mzima, na hadi leo sitelezi kwa ustadi wa kujivunia. Lakini ni mawimbi hayo yaliyonifundisha kuamka mapema, nikagundua kwamba kisiwa hiki hakipangiki kwa namna kinavyopangwa katika vitabu vya watalii. Mgeni huelezwa kwamba anayependa kazi za mikono akae Ubud, na anayependa mawimbi akae Kuta au kwenye rasi ya Bukit kule kusini. Baada ya safari zangu nimeona kwamba upande wa mashariki, katika wilaya za Gianyar na Karangasem, mambo hayo mawili hukutana katika siku moja, ilimradi mtu aifuate saa ya upepo na ya maji.

Msomaji aliyekulia pwani yetu hatapata taabu kuielewa hesabu hiyo. Kwetu kusi huanza kuvuma Aprili hivi na kudumu hadi Septemba au Oktoba. Bali nako, katika miezi hiyohiyo, huwa ni kiangazi na upepo hutoka kusini-mashariki. Ni pepo za ukoo mmoja. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini huyakabili mawimbi usoni, ukayasimamisha wima na kuyafanya yavunjike kwa mpangilio, ilhali upepo unaotoka baharini huyasukuma mgongoni yakaporomoka ovyo. Kwa hiyo wakati wa kusi, fukwe za upande wa magharibi, yaani Kuta, Canggu na Uluwatu, huwa katika hali nzuri karibu siku nzima, na ndiko umati uendako. Katika msimu ambao sisi tungeuita wa kaskazi, Novemba hadi Machi, kule upepo hutoka magharibi ukiandamana na mvua, na zamu huhamia mashariki: Sanur, Nusa Dua na Keramas.

Mawimbi yenyewe hayazaliwi karibu. Huzaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, yakasafiri maelfu ya kilomita kabla ya kuigusa Bali, ambayo upande wake wa kusini uko wazi bila kisiwa cha kuukinga. Sisi Madagaska hutukinga na sehemu ya mawimbi hayo, na yanayobaki huvunjwa na mwamba uliojitenga na ufuo, ndiyo maana mtoto wa pwani yetu hujua kuogelea na kuendesha ngalawa bila kuwahi kuona ubao wa kutelezea. Huko Bali pia mchezo huu ni wa kuletwa. Mmarekani Bob Koke, aliyefungua hoteli Kuta mwaka 1936 pamoja na Louise Koke, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuteleza kwenye mawimbi ya hapo, nayo Uluwatu haikujulikana na walimwengu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nirudi Keramas, iliyoko wilaya ya Gianyar. Ufuo wake ni wa mchanga mweusi, kwa kuwa ardhi ya upande huu imetokana na volkano, na wimbi lake huvunjikia upande wa kulia wa mtelezaji, juu ya mwamba. Hata katika miezi ya kusi, ambayo si msimu wake, alfajiri huwa na fursa yake: hewa iliyopoa usiku huteremka kutoka milimani kuelekea baharini, na hadi saa mbili, pengine saa tatu asubuhi, uso wa maji huwa umenyooka kama kanga iliyotoka kupigwa pasi. Baada ya hapo kusi huamka na mambo huharibika. Maji nayo yana sauti katika shauri hili, kwani mwamba uko karibu na wimbi lina nguvu, hivyo ni heri kuingia maji yakiwa yamejaa nusu na kupanda kuliko yakiwa yamekupwa. Mara ya kwanza sikulijali hilo, ijapokuwa ilikuwa siku ya bamvua nami nimekua nikisikia wazee wakihesabu bamvua na maji mafu kila wiki. Nilitoka na mguu uliochanika kuanzia kisigino hadi katikati ya unyayo. Anayeanza kujifunza asiende Keramas kabisa. Aende Kuta, ambako chini ni mchanga, na akianguka atameza maji tu.

Kusi inapoamka, mimi huwa nimeshapanda gari kuelekea Karangasem. Njiani, kwenye fukwe za wavuvi, hulazwa mitumbwi iitwayo jukung, yenye matengo mawili, moja kila ubavu, kama ngalawa zetu. Kufanana huko wataalamu wengi hukuhusisha na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, ambao jamaa zao ndio walioihamia Madagaska zamani. Sijawahi kupita hapo bila kusimama.

Tenganan Pegringsingan iko bondeni, mwendo mfupi kutoka pwani ya Candidasa. Ni kijiji cha Bali Aga, watu wanaofuata mila za kale kuliko zile zilizoletwa na dola ya Majapahit kutoka Java, na umbo lake unaliona mara uvukapo lango: nyumba zimepangwa kwa safu ndefu, zikitazama uwanja wa mawe unaopanda ngazi kwa ngazi, huku majogoo wakiwa wamefunikwa kwa matenga. Kinachowaleta watu wa fani yangu hapa ni kitambaa kiitwacho gringsing. Katika ufumaji wa kawaida wa aina yake, mfumi hufunga mafundo kwenye nyuzi za mtande (zinazotandwa kwa urefu) peke yake, au za mshindio (zinazopitishwa kwa upana) peke yake, kabla ya kuzitia rangi, ili sehemu zilizofungwa zisishike rangi na hivyo kutoa mchoro. Gringsing hufungwa na kutiwa rangi kotekote, mtande na mshindio, kisha nyuzi hizo zikutane kwenye kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia, pale hasa zinapotakiwa kukutana. Indonesia nzima ni Tenganan inayosifika kwa mbinu hiyo; kwingineko inajulikana Japani na Patan ya Gujarat, na vitambaa vya Gujarat ndivyo vilivyouzwa pia kwenye bandari zetu kwa karne nyingi.

Mama mmoja aliniruhusu kukaa kando yake asubuhi nzima. Kitanda chake hakina fremu ya kusimama: mtande umefungwa kwenye gogo mbele yake na kuvutwa kwa mkanda unaomzunguka kiunoni, hivyo akitaka nyuzi zikaze huegemea nyuma, na akitaka zilegee huinama. Anapitisha mshindio, anaupiga, kisha anasimama. Anachukua kijiti kilichochongwa ncha na kuzisogeza nyuzi, moja baada ya nyingine, hadi doa jekundu la mshindio lilale sawasawa juu ya doa jekundu la mtande. Niliupima muda: mistari isiyofika upana wa kidole ilimchukua zaidi ya nusu saa. Kabla ya hapo nyuzi zilikuwa zimelowekwa katika mafuta ya kokwa za mti uitwao kemiri pamoja na maji ya majivu, kwa desturi siku 42, ili zipate umanjano wa msingi na ziweze kuishika rangi nyekundu, inayotoka kwenye gome la mizizi ya mti wa noni. Bluu ya nili kwa jadi haikutiwa kijijini. Nyuzi zilipelekwa kijiji jirani cha Bugbug. Nyekundu ikipandishwa juu ya bluu hutoa weusi wa zambarau, na kila rangi inahitaji kurudiwa na kupumzishwa, kwa hiyo kitambaa kimoja huweza kuchukua miaka. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni kukanusha ugonjwa, na kitambaa huvaliwa katika ibada kama kinga. Anayelalamikia bei ya gringsing nadhani hajakaa nusu saa na kijiti kile.

Nasema hivi nikiwa nimewahi kudanganywa. Katika safari yangu ya kwanza, duka moja karibu na ufuo liliniuzia "gringsing" ambayo nilikuja kugundua hotelini kuwa imepigwa chapa, na mimi ndiye niliyejiita mtaalamu. Tangu siku hiyo hugeuza kitambaa kwanza: chapa hufifia upande wa nyuma, ufumaji haufifii. Kisha huvuta uzi mmoja pembeni. Uzi wa gringsing, uwe wa mtande au wa mshindio, utakuta umebeba madoa yake ya rangi yaliyozama hadi kwenye kiini, na pale michoro inapopakana utaona ukungu mdogo ukienda pande zote nne badala ya mstari mkali.

Wakati wa kurejea, aliye na nguvu bado anaweza kupita Mas, kijiji cha wachongaji ambako Ida Bagus Nyana alilibadilisha umbo la sanamu za Bali tangu miaka ya 1930. Mchongaji huketi chini na kulishika gogo kwa nyayo zake, mikono ikabaki huru kwa patasi na nyundo. Kati ya miti wanayotumia kuna mfenesi, ambao seremala wa Unguja angeutambua kwa harufu. Celuk ya wafua fedha na Batubulan ya wachonga mawe ziko barabara iyo hiyo, ila nitasema ukweli kwamba maduka ya kando ya barabara ni makubwa kuliko karakana, na ni lazima uingie vichochoroni ufuate mlio wa nyundo.

Tahadhari moja ya kalenda. Sherehe ya Galungan hurudi kila baada ya siku 210, na kazi nyingi za mikono husimama. Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa Bali, ambayo kwa kawaida huangukia Machi, hukifunga kisiwa kizima kwa saa 24, uwanja wa ndege ukiwemo, na walinzi wa kimila waitwao pecalang huhakikisha hakuna anayetembea barabarani wala ufuoni. Mwaka mmoja Nyepi ilinikuta Keramas. Upepo ulikuwa wa magharibi siku nzima, maji yalikuwa yamejaa inavyotakiwa, na kutoka dirishani niliyaona mawimbi yakivunjika moja baada ya jingine bila mtu hata mmoja ndani yake.